Robo ya Tisini na Sita

Kila siku nikitoka shule hubadilisha sare, hula, kisha humsaidia mama katika chumba chake cha kushonea. Siku hiyo sikubadilisha chochote. Nilibwaga mkoba sakafuni, puu! Mwalimu wa hesabu alikuwa ametutaja watatu mbele ya darasa zima la sita: tusipofaulu jaribio la marudio Ijumaa, tunarudishwa la tano. La tano, alipo mdogo wangu! Na wenzangu wakacheka.

"Acha kununa, njoo unishikie kitambaa," mama alisema. "Nyonga ya mteja ni tisini na sita. Robo yake?"

"Ishirini na nne," nilijibu kwa mkato, nikakikunja kitambaa sehemu nne kama kawaida.

Mama akaokota daftari lililochomoza mkobani, akalifungua penye jaribio nililofeli. Tuliulizwa asilimia ishirini na tano ya tisini na sita. Mimi nilikuwa nimetoa ishirini na tano, nikapata sabini na moja.

"Sabini na moja? Sketi hiyo atavaa nani, tembo?"

"Hizo ni asilimia, mama! Robo ni sura nyingine, desimali nyingine. Usinichanganye!" Naona aibu kusema, lakini nilimpigia kelele mama yangu mzazi.

Mama naye hasira zake ziko karibu. Akaivua shingoni futi yake ya kupimia. "Shusha sauti, mimi si rika lako! Asilimia ni sehemu ya ngapi?"

"Ya mia."

"Shika hapa penye mia. Kunja katikati. Kunja tena. Haya, soma!"

Kuanzia sifuri, alama ya kwanza ya mkunjo ilikuwa kwenye ishirini na tano. Sentimita mia ni mita moja, kwa hiyo hapo hapo ndipo penye sifuri nukta mbili tano. Alaa! Miezi mitatu nakariri kanuni tatu, kumbe ni kitu kimoja! Nilizidi kukasirika. Mbona hakuna aliyeniambia?

Ijumaa nilipata kumi na nane kati ya ishirini. Mwalimu akaniita mbele, amenikazia macho. "Umenakili kwa nani?"

"Sikunakili!" Machozi ya hasira yalinitoka. Nikachukua chaki, nikachora mstari kutoka sifuri hadi mia, nikaugawa sehemu nne, nikaandika robo, asilimia na desimali mahali pamoja. "Ulitufundisha kana kwamba hazijuani, mwalimu!"

Mwalimu aliufuata mstari huo kwa kidole hadi mwisho.

"Nisamehe kwa kukushuku," alisema. "Na hilo la kufundisha pia ni kosa langu. Hutarudishwa la tano." Akawageukia wote. "Sikilizeni. Mkikutana na somo jipya, msikimbilie kukariri. Jiulizeni kwanza linahusiana na nini mnachokijua tayari, hapa au nyumbani."

Wale wawili niliotajwa nao walikuwa wameinamisha vichwa. Wao walikuwa wamefeli tena.

"Hao nitawapa jaribio lingine Jumatatu," mwalimu aliniambia. "Waelekeze wewe. Ila usiwafokee kama ulivyonifokea mimi."

Nikasogeza dawati langu katikati yao.