Hodi ya Miaka Kumi na Mmoja

Uzi ulikuwa umefungwa, tena Makabati aliufunga jana yake kwa mkono wake mwenyewe. Na uzi wa mazungumzo wa jukwaa la mtandaoni ukishafungwa, hata aliyeuanzisha hawezi kuongeza nukta. Sasa ilikuwaje saa nane mchana, jua kali, akaukuta una jibu jipya chini yake?

"Ahsante. Nimeshaingia."

Basi. Halikuwa na jina la mwandishi wala saa ya kuandikwa.

"Kompyuta hii nayo imeshazeeka," Makabati alinung'unika, akalifuta lile jibu, akaenda kuanua nguo.

Jukwaa lenyewe lilikuwa la watu wanaouguza wagonjwa majumbani. Humo waliulizana namna ya kumgeuza mtu asipate vidonda vya mgongo, namna ya kumlisha asiyetaka kula, namna ya kujizuia usilie mbele yake. Makabati alijiunga wakati akimuuguza mama yake, na mama naye, pale pale kitandani, akadai afunguliwe akaunti. Akajiita Mama Dirishani. Weee! Mwanamke yule alikuwa na mdomo! Aliandika mara mia mbili na kumi na mbili: habari za jirani anayeanika nguo kwa hasira, za daktari mwenye mikono ya baridi, za binti yake anayekoroma huku akiapa kwamba hajalala. Watu waliokata tamaa walicheka mpaka wakaulizwa na wagonjwa wao kuna nini.

Mama alipofariki hakuacha picha ya maana wala sauti iliyorekodiwa. Aliacha maandishi yale tu. Ndiyo maana binti alijitolea kutunza mazungumzo ya zamani: kuunganisha nyuzi zinazofanana, kufunga zilizolala, kuziingiza zote katika ghala la kumbukumbu zisipotee. Wadau wakampachika jina la Makabati, maana alipanga kila kitu utadhani anapanga sahani. Hawakujua kwamba alikuwa anamtunza mama yake, na wao wengine walifaidika tu.

Palikuwa na desturi jukwaani. Mgeni hupiga hodi kwanza, na mwenyeji yeyote humwambia karibu. Uzi wenye hodi isiyojibiwa hauingii ghalani, ni aibu. Mwezi ule seva ya zamani iliyohifadhi jukwaa ilikuwa inakaribia kuzimwa, kila uzi ulipaswa kuingia ghalani kabla ya hapo, na Makabati akakuta hodi arobaini na moja zilizosahaulika, nyingine za watu ambao wagonjwa wao walishazikwa zamani. Nani angewajibu mmoja mmoja? Aliketi mchana mmoja akabandika jibu lile lile kote, bila kuangalia aliyebisha ni nani: "Karibu sana, jisikie nyumbani." Kisha akazifunga zote.

Hapo ndipo alipokosea. Hodi moja, ndiyo ile iliyokuja kurudisha ahsante, ilikuwa ya miaka kumi na mmoja. Chini yake palikuwa na hodi nyingine, na nyingine tena, kila mwaka tarehe ile ile, zote kutoka akaunti isiyo na jina. Na wanajukwaa wote, hata wale wasioweza kupita uzi bila kutia neno, walikuwa wameipita kimya.

Siku ya pili mume wake, fundi wa friji, alirudi kula chakula cha mchana akasimama ghafla kwenye ujia.

"Mke wangu, umenunua dawa ya kuchua?"

"Ya nini? Hapana."

"Basi pua yangu ina wazimu. Chumba cha mama kinanuka vile vile kama zamani."

Walicheka, wakaketi kula. Mara kijiko kikagonga kikombe. Ngi, ngi, ngi. Mara tatu, kutoka chumba kile kile, mahali ambapo kwa miaka minne hapakuwa na kitu ila kitanda kitupu na masanduku. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akiita anapotaka kugeuzwa.

Mume aliacha kutafuna. "Umesikia?" alinong'ona.

"Kula," Makabati alisema bila kumtazama. "Chakula kinapoa."

Mume aliporudi kazini, Makabati alifungua jukwaa. Chini ya kila andiko la mama palikuwa na andiko jipya, limetoka akaunti ya mama, limeandikwa leo. Na yalichekesha! Hilo ndilo lililommaliza. "Naona jirani kanunua kamba mpya," lilisema moja, "ila hasira ni ile ile." Makabati alicheka kwa kiganja mdomoni, kisha akalia. Angempigia mtu simu wakati ule, pengine mambo yasingefika yalikofika. Hakumpigia mtu. Aliandika neno moja, "Mama?"

Jibu likaja hata kidole hakijatoka kwenye kitufe. "Nani mwingine? Njoo unigeuze, ubavu unaniuma."

Akaenda. Aliusukuma mlango, na harufu ya dawa ya kuchua ikamjia nzito, na chini yake harufu nyingine ya udongo uliochimbwa asubuhi, na godoro lilikuwa limebonyea katikati kwa urefu wa mtu, na shuka, ambalo yeye mwenyewe alilikunja miaka minne nyuma akaliweka sandukuni, lilikuwa limetandikwa, likipanda na kushuka polepole, na yeye, badala ya kukimbia, akainama, akapitisha mkono chini ya kitu asichokiona, kizito, chenye baridi, akakigeuza ubavu wa pili kama alivyokuwa akifanya kila siku.

Ikawa ndiyo kazi yake. Mume alidhani ni huzuni imemrudia, akamwacha. Siku ya kumi alirudi mapema akamkuta mkewe, amekonda, macho yameingia ndani, ameketi ukingoni mwa kitanda na bakuli la supu. Alikuwa anainua kijiko na kukimimina hewani, juu ya mto. Supu haikumwagika. Kilisikika kitu kikimeza.

Mume hakupiga kelele. Alimshika mkewe kiwiko akamvuta nje, akamhoji mpaka akamweleza habari za jukwaani, kisha akampigia simu msimamizi wa jukwaa, mzee mstaafu aliyelianzisha.

"Nani ameijibu ile hodi?" lilikuwa swali la kwanza la msimamizi, kabla hata ya salamu.

"Mke wangu."

"Tulikubaliana tusiijibu, sisi wa mwanzo. Mmoja wetu aliijibu mwaka wa kwanza. Mgonjwa wake aliyekwisha kuzikwa akaanza kumwita. Mwenzetu huyo naye tukamzika kabla mwezi haujaisha. Jibu lake nikalifuta, lakini hodi yenyewe haikukubali kufutika."

"Mbona hamkuandika onyo, mzee wangu?"

"Tungeandika wapi?" Sauti ilishuka. "Kile kitu kinasoma."

Kesho yake waliletewa tabibu, bibi mfupi wa maneno machache, anayejulikana kwa kutoa majini. Hakuingia chumbani. Aliketi kizingitini, akanusa, akatikisa kichwa.

"Huyu hakuvunja mlango, mwanangu. Ulimkaribisha. Mimi nitamshika asikudhuru, lakini wa kumtoa ni wewe. Kila alipokaa pafutwe."

"Nitayafuta majibu yake yote, bibi."

"Nimeshajaribu," msimamizi alisema kwenye simu iliyokuwa wazi mkononi mwa mume. "Nikifuta lake, linarudi. Yanaondoka tu nikifuta na la mama juu yake. Yote mia mbili na kumi na mbili, na nakala za ghalani."

Makabati alimgeukia tabibu. "Bibi, sasa mimi nitabaki na nini?"

"Na mumeo. Na roho yako. Anza."

Wakaanza. Mume alisoma kila uzi kwa sauti ili wasiruke hata mmoja, Makabati akafuta. Akamfuta jirani na nguo zake, akamfuta daktari, akajifuta yeye mwenyewe akikoroma, na kijiko kule chumbani kikawa kinagonga bila kupumzika, kwanza kikombe, kisha ukuta, kisha mlango wenyewe, na katikati ya kugonga ikatoka sauti ya mama, dhaifu, ya siku zake za mwisho, ikisema, "Mwanangu, unanifuta? Mimi niliyekuzaa? Nimekukosea nini, mwanangu?" na Makabati analia kamasi na machozi, anasema, "Nisamehe mama, nisamehe mama," na kidole hakisimami, na bibi pale kizingitini anasoma maneno yake jasho likimtiririka mpaka kwenye kidevu, mpaka likabaki andiko moja, la kwanza kabisa, ambalo mama alijitambulisha kwa wadau, na Makabati akafumba macho akabonyeza.

Kimya. Godoro likainuka taratibu, likawa bapa. Dirisha likafunguka lenyewe.

"Ametoka," bibi alisema, akaomba maji ya kunywa.

Nyumba ikatulia kweli. Wiki tatu zikapita, Makabati akaanza kunenepa, hata kucheka. Jioni moja wakiwa mezani mume akamwambia, "Nisimulie kitu cha mama. Chochote. Tusimwache apotee hivi hivi."

Makabati akafurahi. Akamsimulia siku mama alipounguza sare ya shule kwa pasi, akaikata shimo la pili upande wa pili ili pande zote mbili zifanane, akasema ni mtindo. Aliisimulia kwa mikono na kwa sauti, akacheka mpaka akashika tumbo.

Mume hakucheka. "Hiyo niliisoma siku ile tunafuta," alisema polepole. "Ni ya siku zile za kile kitu. Mama hakuiandika."

"Usinitanie. Nilikuwepo! Nilivaa hiyo sare!"

"Sawa. Nyingine."

Akamsimulia nyingine. Mume akatikisa kichwa: hiyo nayo aliisoma siku ile. Akasimulia ya tatu, katikati akasita mwenyewe, akamtazama mumewe. Pa kwenda kuhakikisha hapakuwepo tena, alipafuta.

"Moja tu," mume aliomba, karibu kulia. "Ya zamani. Unayoijua wewe."

Makabati alifungua mdomo, na hadithi ikamtoka, tamu, ya kuchekesha mno, tangu mwanzo mpaka mwisho bila kusita, na yeye mwenyewe alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.