Tawi la Mlangoni

Waliokuwamo chumbani jioni ile walikuwa watatu. Wa kwanza, dada mkubwa, aliyewahi kuwa matroni wa bweni la wasichana. Alikuwa amestaafu, lakini hata ndugu zake waliendelea kumwita Matroni. Wa pili, kaka wa kati, mwokaji wa mikate, mtu mnene mwenye kupenda mzaha, ambaye mkono wake wa kushoto ulipinda kwenye kiwiko tangu utotoni. Wa tatu, mdogo wao, mshonaji, aliyekuja na kikapu kitupu na kikohozi.

Wa nne, kama ni halali kumhesabu, alikuwa juu ya meza.

Marehemu baba yao, fundi saa, aliuita mmea ule wa majani ya harufu kwa jina lake: rozmari. Wageni waliposema mti, aliwasahihisha. Ni kichaka, alisema, ila nimekifunza kusimama kama mti. Aliupanda katika chungu bapa, akaupinda kwa waya wa shaba, akaupunguza kwa vibano vilevile vya kutengenezea saa, hata ukawa na shina nene lenye makunyanzi, nao haukupita kimo cha birika. Kila alipozaliwa mtoto aliacha tawi moja likue. La upande wa mlango la binti mkubwa. La upande wa ukuta la mwana. La upande wa dirisha la kitinda mimba.

Siku mwana alipoanguka akavunjika kiwiko, waliokimbia kumpasha baba habari walimkuta mezani, akilifunga uzi tawi lililopasuka. Hakueleza. Hakuulizwa.

Sasa tawi la dirishani lilikuwa linakufa.

"Shikamoo, dada," alisema mshonaji.

Matroni hakuitikia. "Hukuja kusalimia wewe, umekuja kuchukua. Kikapu nakiona."

"Nimekuja kuuokoa. Tangu tawi langu lianze kukauka, sili nikashiba, silali nikapumzika."

"Vumbi la vitambaa hilo," alidakia mwokaji. "Nimekwambia ujifunge leso puani, husikii. Umekonda mpaka sindano zinakuonea huruma."



Mshonaji alichomeka kidole kwenye udongo. Baridi. Tope tupu. Akanusa kidole... haikuwa harufu ya rozmari. Ilikuwa harufu ya tambara lililosahauliwa ndooni.

"Unaumwagia maji kila siku?"

"Kunywesha mmea maji ni kosa?"

"Rozmari haitaki maji miguuni. Baba alikwambia mimi nikisikia. Tena umemwaga upande mmoja tu. Upande wangu."

Matroni alitabasamu kidogo. "Nimelea bweni zima la watoto wa watu. Nitashindwa na majani?"

Mshonaji alitandaza gazeti, akakipindua chungu, akautoa mti mzima kwa shina. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza, inakatika yenyewe vidoleni.

Ndipo waliposikia.

Ssss...

Kama mtu anayevuta pumzi kupitia menoni.

"Nani huyo?" alinong'ona mwokaji.

Walitazamana. Si huyu, si yule.

Mshonaji aliikata kwa mkasi mizizi iliyooza, mmoja mmoja, mpaka akafika kwenye mizima. Ilibaki michache mno. Hapo mkasi ukasita, na wote watatu walijua kwa nini. Sheria ya baba yao ilikuwa moja: unachopunguza chini, kipunguze na juu. Mizizi ile haikuweza kulisha matawi matatu. Moja liondoke, ama yafe yote.

"Kata lililokauka," alisema Matroni. Sauti yake ilikuwa imelainika. "La kwako. Hilo limekwisha."

"Lina majani mabichi nchani. Penye jani pana uhai."

"Kata, mdogo wangu. Usiogope."

Mdogo wangu! Hakumwita hivyo tangu siku walipomzika baba. Mshonaji alihisi kitu kikipanda kifuani, na safari hii hakikuwa kikohozi. Mkasi ukaondoka dirishani. Ukapita juu ya shina, polepole... ukafika upande wa mlango, kwenye tawi lililonona, la kijani, zuri kuliko yote.

"Wee! Wee, acha!"

Kacha.

Harufu ya rozmari ikajaa chumbani, kali, mbichi, kama mikono ya marehemu. Kidonda hakikutoa utomvu. Kilikuwa kikavu na cheupe kama mfupa.

Matroni alikuwa amejishika kifua, amefumba macho. Walingoja. Hakuanguka. Akafumbua jicho moja, kisha la pili, akavuta pumzi.

"Mchawi we," alisema taratibu. "Umeshindwa."

Mwokaji aliliokota tawi. Akaanza kuukunjua waya, kwa upole, kana kwamba anamvua mtoto nguo.

"Mngeniuliza kwanza," alisema.

"Tukuulize nini?"

"Mimi hupita hapa kila nikitoka kazini, namletea dada mkate. Nikaona upande mmoja haupati jua. Nikawa nakigeuza chungu. Kidogo kidogo, kila nikija. Nami nilitaka kuuokoa."

Waya ukatoka. Chini yake palikuwa na fundo lililovimba, na uzi wa zamani umemezwa na gome. Tawi lilipinda hapohapo. Mwokaji akalilaza kando ya mkono wake wa kushoto.

Kiwiko kwa kiwiko.

"Kumbe mimi ndiye niliyenona," alisema, akajaribu kucheka.

Matroni alikuwa akihesabu kwa macho. Kama la ukutani limefika mlangoni, basi la mlangoni nalo limefika... Alitazama dirishani. Alitazama majani ya manjano aliyokuwa akiyazamisha kwa mkono wake mwenyewe.

Akakohoa. Mara moja tu. Kikohozi kikavu.

"Upande mti huo," alinong'ona. "Mchanga mkavu upo nyuma ya mlango. Mdogo wangu... upande tena."

Mshonaji alisimama ameushika mti kwa shina, mizizi inaning'inia. Angeweza kuuacha hivyo mpaka kesho. Lakini upande wa ukuta palikuwa na tawi moja la kijani, na sasa alijua ni la nani. Alimtazama dada yake kwa muda mrefu. Kisha akaupanda, akiushindilia mchanga kwa vidole vigumu, akautia kikapuni.

"Utakaa kwangu," alisema. "Nitaumwagilia mimi, nitakavyoona. Nawe, shikamoo."

Matroni alikitazama kikapu.

"Nimesema shikamoo."

"Marahaba," alisema Matroni.

Mwokaji aliwafungulia mlango. Kipande cha rozmari kikichomekwa mchangani huota mizizi, aliwaambia, baba alikuwa akifanya hivyo. Akalitia tawi lake mfukoni mwa shati la kazi, akaahidi kulipanda akitoka tanurini.

Kaka wa kati, mwokaji, alifariki alfajiri iliyofuata, mbele ya tanuri, kabla mikate haijaiva.