Kifundo cha Uzi Mwekundu

"Usitikise meza!" Zerrin alisema bila kuinua macho. "Ua litachanika."

"Sijagusa meza. Ngoma ndiyo inayoitikisa."

"Basi punguza ngoma."

Korhan akapunguza. Zerrin akaichovya tena ile sindano yake ndefu katikati ya tone la rangi nyekundu lililoelea juu ya sinia la maji mazito, akavuta polepole. Tone likawa petali, petali zikawa ua. Kamera iliyoning'inia juu ya sinia ililipeleka ua hilo ukutani, likawa kubwa kuliko mlango.

Miaka miwili walikuwa wakifanya kazi hivyo katika chumba chao cha Üsküdar. Zerrin alichora juu ya maji, na Korhan akachanganya sauti za ala za kale na midundo ya kompyuta. Miaka miwili walisubiri kuitwa na ukumbi mkubwa wa ng'ambo ya pili ya mlango-bahari, na hatimaye wakaitwa. Onyesho lilikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Zerrin."

"Mmh."

"Ile kahawa ya chumvi wanayojaribiwa nayo wachumba, nitainywa lini?"

"Mlete kwanza mama yako aje kuniposa. Nitakutilia vijiko vitatu, tuone kama utaimeza bila kukunja uso."

"Tia hata vinne. Mama anakuja Jumatatu, ameshanunua na chokoleti ya posa." Alitabasamu, akavuta kiti karibu na kompyuta. "Leo nina zawadi yako. Wewe endelea kuchora tu."

Akabonyeza.

Ilikuwa tanbur, ala ya nyuzi ya kale, na mpigaji alikuwa marehemu baba yake Zerrin. Zerrin aliijua ile kaseti kama anavyoijua harufu ya koti la baba. Mzee Rauf aliirekodi jikoni mwaka wake wa mwisho, na nyuma yake alisikika mama akikoroga chai. Hakuwahi kumpa mtu yeyote kaseti ile. Korhan alipoiomba mwezi uliopita, alimkabidhi kwa mikono miwili na kumwambia neno moja tu: "Itunze."

Mdundo mzito ukaingia chini ya nyuzi, na mkono wa Zerrin ukafuata wenyewe. Halafu tanbur ikapanda, ikafika kwenye segah, ile sauti ambayo baba alipenda kukaa juu yake kama mtu aliyefika kwake. Mkono wa Zerrin ukasimama. Ukutani, ua likaanza kuvimba na kuvuja pembeni.

"Simamisha."

"Bado haijafika penyewe—"

"Korhan, simamisha."

Chumba kikanyamaza.

"Huyu si baba."

"Ni yeye! Ni kaseti yako ileile. Nimeisafisha kidogo tu."

"Umesafisha nini?"

"Kelele za vikombe. Na sauti chache zilizokuwa zimepotoka. Hazikupatana na kinanda. Kompyuta huzisogeza yenyewe, kila sauti kwenye kitufe kilicho karibu nayo."

"Zimepotoka," Zerrin alirudia taratibu.

"Sikumaanisha hivyo."

"Segah ya baba inakaa kati ya vitufe viwili, Korhan. Pale ndipo kwao. Umempata mtu kwake, ukamhamisha kwa kubonyeza mara moja. Umemnyoa baba yangu ndevu akiwa amelala, halafu unanialika nije kumtazama!"

Korhan akafunga kompyuta.

"Nani mwingine ameusikia wimbo huu?" Zerrin akauliza.

Korhan akaitoa kaseti mfukoni, akaiweka mezani kati yao.

"Niliwatumia watu wa ukumbi jana. Wameupenda sana. Wamesema ndio utakaofungua onyesho."

"Bila kuniuliza."

"Nilitaka iwe zawadi."

Zerrin akafuta mikono. Akaichukua kaseti mezani, akaitia mkobani. Mlangoni aligeuka, na sauti yake haikuwa kali. Ingekuwa kali, Korhan angeumia kidogo tu.

"Mwambie mama yako Jumatatu asijisumbue."

* * *

"Hayo majani ya mzabibu unayakunja au unayanyonga?" Müberra Hanım alimwuliza binti yake mchana wa kesho yake. "Upe mchele wa ndani nafasi ya kupumua."

Simu ya Zerrin ikalia mezani. Ulikuwa ujumbe.

"Nimekosea. Sina la kujitetea."

Ikalia tena.

"Naomba unisaidie jambo moja. Baba alisikia nini pale? Nataka kujifunza."

Zerrin akaigeuza simu, kioo chini.

"Ni yeye?" mama akauliza.

"Ni yeye. Mama, amesema baba alipotoka!"

"Amekiri kosa, hajakiri?"

"Amekiri. Lakini kuna makosa ambayo mtu mwenye sikio hayafanyi."

Müberra Hanım akafuta vidole kwenye aproni, akaketi. Alitazama sebuleni, ilikoning'inia tanbur ya mumewe, shingo ndefu na nyuzi nane.

"Marehemu baba yako alipokuja kuniposa, babu yako hakumwuliza kazi wala nyumba. Alimpa tanbur, akamwambia, 'Piga.' Rauf akapiga. Alipofika kwenye segah, babu yako akaweka kikombe chini. Akasema, 'Kijana, hiyo segah ni ya piano. Nenda. Ukiipata ya kwetu, rudi.'"

Jani likamponyoka Zerrin mkononi. "Baba? Baba alikosea segah?"

"Alisomea muziki kwenye piano, mtoto wa watu. Akaondoka na maua yake mkononi. Mimi nikagoma kula siku tatu."

"Akarudi lini?"

"Baada ya miezi miwili. Alikuwa amefungua kile kifundo cha kwenye shingo ya tanbur, pale kidole kinapobonyeza segah, akakisogeza upana wa ukucha, akakifunga upya kwa uzi mwekundu. Babu yako aliposikia, alilia. Uzi ule upo hadi leo, nenda kautazame."

"Hukuwahi kuniambia."

"Aliniapisha. Mwanamume na haya zake." Akavuta sufuria karibu. "Mimi sisemi msamehe. Nasema tu kwamba, babu yako angefunga mlango siku ile, wewe usingekuwepo leo kunyonga majani yangu."

* * *

Ijumaa, Zerrin alikuwa dukani akichagua karatasi asizozihitaji. Simu ikalia. Ujumbe wa mama ulikuwa mfupi:

"Njoo nyumbani. Kuna mtu anampima baba yako kwa rula."

Alipanda ngazi mbili mbili. Sebuleni, Korhan alikuwa ameketi kwenye zulia, soksi zake moja nyeusi, nyingine ya bluu. Tanbur ilikuwa mapajani mwake, ameipakata kama mtoto aliyelala. Pembeni palikuwa na daftari, rula na kinanda chake kidogo. Müberra Hanım alimshikia lenzi ya kukuzia.

"Nani amekuruhusu kuishika?"

"Mimi," mama akajibu. "Nyumba yangu, mume wangu. Na kijana amenawa mikono mara mbili."

Korhan alisimama nusu, akaona ana tanbur, akaketi tena.

"Zerrin, nilimsogeza baba yako afuate mashine. Leo nimeisogeza mashine imfuate yeye. Sikiliza mara moja tu. Isipokuwa sawa, nitaondoka na sitakusumbua."

"Kitufe hakisogei."

"Hakisogei ukikiacha kama kiwandani walivyokipanga. Ukikaa nacho, kinasogea. Njoo upige mwenyewe."

Akampa tanbur. Zerrin akabonyeza uzi kwenye kifundo chekundu, kama alivyomwona baba akifanya maisha yake yote, akapiga. Korhan akabonyeza kinanda.

Sauti mbili zikakutana, na hazikugombana.

Akapiga tena, akitafuta kosa. Akapiga mara ya tatu akiwa ameinamisha sikio hadi kwenye mbao. Hakuliona kosa. Machozi ndiyo aliyoyaona, yakidondokea shingo ya tanbur, na mama akayafuta haraka kwa ncha ya kitambaa kwa sababu mbao ile haipendi maji.

"Na vifundo vingine?" Zerrin aliuliza hatimaye.

"Bado. Hiki kimoja kimenichukua tangu asubuhi. Vimebaki arobaini na kitu."

"Onyesho ni kesho!"

"Ndiyo." Korhan akamnyooshea simu. "Soma. Sijautuma. Safari hii nakuuliza."

Zerrin akasoma:

"Ule wimbo niliowatumia naomba muufute. Haikuwa haki yangu kuutuma. Wimbo wenyewe haujawa tayari, na kesho hatutapanda jukwaani."

"Ukumbi huu tumeusubiri miaka miwili," alisema.

"Najua. Ukisema tupande, tutapanda na nyimbo zetu nyingine. Ukisema tusubiri, tutasubiri. Baba ni wako."

Zerrin aliusoma tena ule ujumbe tangu mwanzo. Kisha akautuma kwa kidole chake mwenyewe.

Jibu lilikuja kabla hajarudisha simu: "Tumesikitika. Hatuna nafasi nyingine mpaka majira ya baridi."

"Majira ya baridi," Korhan akasema polepole. "Ndevu zitakuwa zimeota."

Zerrin hakutaka kucheka. Alicheka. Akainuka, akaenda jikoni, na wote wawili sebuleni wakasikia kijiko kikigonga kikombe.

"Mama yake hajaja kuposa," Müberra Hanım alimkumbusha kwa sauti.

"Nimesema kitu, mama? Napika kahawa tu."

Alileta vikombe vitatu, akamwekea Korhan chake mbele yake. Korhan akanywa. Akatulia. Macho yakamlowa, koo likapanda na kushuka, lakini uso wake haukukunjika. Akainua tena kikombe na kukimaliza hadi kwenye machicha.

"Vijiko vingapi?" akauliza kwa sauti iliyokauka.

"Vinne. Uliomba mwenyewe." Zerrin akaketi karibu naye kwenye zulia. "Jumatatu mwambie mama yako avae koti zito. Ngazi zetu zina baridi."

Müberra Hanım akaenda kumtafutia mkwe wake maji, na hakurudi upesi.

Zerrin akaleta sinia la mama kutoka jikoni, akakoroga humo maji mazito mapya, Korhan akachukua rula na kuiegemeza kwenye kifundo cha pili. Akaandika namba moja daftarini, akaikata, akaandika nyingine.

"Nichanganye rangi?" akamwuliza Zerrin.

"Maji bado. Maji haya lazima yalale kwanza, la sivyo rangi inazama."

Akalifunika sinia kwa gazeti. Korhan akafunga daftari, penseli ikiwa ndani kuweka alama.

"Basi kesho," akasema.

"Kesho. Na uvae soksi zinazofanana, mama yangu ameziona."