Sindano ya Jioni

Kila asubuhi Zita alijichoma sindano ya insulini pajani, akanywa uji, kisha akashika njia ya shule pale Milanzi. Nyumbani hakuona haya, maana aliyemwona ni mama yake tu. Taabu ilianza alipochaguliwa kucheza kanisani siku ya kutoa mavuno. Mazoezi yalikwenda hadi jioni, watoto wakila hukohuko parokiani, na sindano ya jioni ilitakiwa kabla ya kula. Ajichome mbele ya wenzake, kina Angela? Aibu ilioje! Sindano ikabaki mkobani. Togwa tamu ya ulezi ilipogawiwa, naye alikinga kikombe. Akirudi alimwambia mama, "Nimeshachoma."

Wiki zikapita. Kiu haikumwisha, na chooni alikwenda kila mara. Siku moja mazoezini, wakiwa wamebeba nyungo za ulezi, mkono wake wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe. Ulezi ukatapakaa sakafuni.

"Zita, acha mzaha!" alifoka Dada Jovina, mwalimu wao.

"Si mimi, dada. Ni mkono!"

Watoto wakaangua kicheko. Zita akaukalia ule mkono, akitamani ardhi immeze.

Jirani alimnong'oneza mama kwamba mtoto amerogwa. Mama, ambaye hakosi misa hata mvua inyeshe vipi, akakamata kuku wa kumpelekea mganga. Zita alipomwona mama akimfunga kuku miguu huku machozi yakimtoka, moyo ulimsuta.

"Mama, sijarogwa. Sindano za jioni nilikuwa sichomi. Nilikudanganya."

Mama akamfungua kuku. Kisha akajitupia kitenge begani, wakaenda hospitali.

Sukari ilikuwa imepanda vibaya. "Ikizidi mno, inaweza kuvuruga sehemu ya ubongo inayoongoza viungo," alieleza Daktari Felisian. "Kwa vijana ni nadra, lakini hutokea. Tukiishusha, mara nyingi mkono hutulia."

Alilazwa, na siku baada ya siku mkono ukatulia.

Zita aliporudi mazoezini, Dada Jovina, ambaye mama alishamweleza yote, alizuia sahani kwanza.

"Tunamsubiri Zita achome sindano yake," alisema. "Nilimfokea mgonjwa kwa kutojua. Wanangu, ukificha ugonjwa, hata anayekupenda atakuumiza. Semeni, tuwasaidie."

Macho yote yakamgeukia. Zita alisikia uso ukimwaka kwa haya ileile, akapandisha sketi kidogo, akachoma.

"Inauma?" Angela aliuliza.

"Kidogo," Zita akajibu. "Sogea, tule."