Sahani za Juu Kabatini

Mama Mwiko alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Jina hilo alipewa na watoto, maana mwiko haukumtoka mkononi. Hata akisalimia watu, mwiko juu!

Kila asubuhi alishusha sahani kabatini. Zamani alizishusha zote. Sasa alishusha nusu tu, nyingine zikabaki juu zikila vumbi. Vijana wengi wa mtaa walikuwa wamehama kutafuta maisha, na watoto wao wamekwenda nao.

Mwaka huo wageni waliingia mtaani kutoka nchi jirani. Walipanga zile nyumba zilizokuwa tupu. Foleni ya bombani ikawa ndefu, na ya zahanati vilevile. Watu wakaanza kunung'unika.

"Hawa watatumaliza," alisema mwenye duka. Alikuwa ameandika barua ya kuomba wageni waondolewe. "Nani anaanza kutia sahihi?"

"Lete kalamu!" alisema Mama Mwiko. Akatia sahihi ya kwanza, tena kubwa kama sinia.

Siku tatu baadaye, mwalimu mkuu aliingia jikoni. Alikuwa mwanamke mcheshi, lakini siku hiyo uso ulikuwa umemshuka.

"Mama, kaa kwanza."

"Nikikaa maharage yataungua. Sema tu, mwalimu."

"Tuna watoto arobaini na wawili. Ofisi ya elimu inataka wasipungue sitini. Mwezi ujao wanakuja kuhesabu. Tusipofika, shule inafungwa."

Mama Mwiko akakaa. Maharage yakaungua kweli.

Kazi yake ingekwisha. Na mjukuu wake wa darasa la pili, je? Shule nyingine ilikuwa mbali, ng'ambo ya barabara ya malori. Aliogopa sana.

"Watoto tutawatoa wapi? Tuwafinyange?"

"Wapo, mama. Wageni wana watoto zaidi ya ishirini. Wanashinda nyumbani."

"Wageni! Ole wangu, nimefanya nini?" Akaeleza habari ya barua, macho chini.

Mwalimu mkuu hakumgombeza. "Watu wakiongezeka, foleni inaongezeka. Hilo si uongo. Basi tuombe bomba la pili. Tukiwa wengi tutasikilizwa. Lakini wageni hawa wanalipa kodi za nyumba. Wananunua unga. Wanafanya kazi. Mtaa ukibaki bila watu, shule inafungwa. Kesho itafungwa zahanati."

"Sasa mbona hawaleti watoto shuleni?"

"Hawana vyeti vya kuzaliwa. Wanadhani tutawafukuza. Ukweli ni kwamba tunaweza kuwaandikisha huku vyeti vinatafutwa."

Mama Mwiko alitoka mbio, mwiko mkononi, mpaka dukani.

"Lete ile barua nifute jina langu!"

"Mama, si wewe uliyeanza?"

"Na ninaanza kutoka! Hebu niambie, leo umemuuzia nani unga?"

Mwenye duka akakuna kichwa. "Hao hao wageni."

"Na jana?"

Akaichukua barua, akaifanya karatasi ya kufungia karanga.

Kutoka hapo Mama Mwiko alibisha hodi nyumba ya kwanza. Mama wa mapacha alifungua mlango nusu. Alipouona mwiko akarudi nyuma.

"Usiogope, mwanangu, huu ni wa kupikia tu. Nawataka watoto wako shuleni kesho."

"Hawana vyeti, mama."

"Waje hivyo hivyo. Mwalimu mkuu mwenyewe amesema."

Yule mama akashika mdomo, machozi yakamtoka. "Nimekuwa nawafungia ndani wasionekane," alisema. "Asante, mama. Asante sana." Kisha akavaa viatu, wakaenda pamoja nyumba ya pili, na ya tatu.

Siku ya kuhesabu ilifika. Ofisa alipita darasa moja baada ya jingine. Mama Mwiko alimfuata nyuma, roho mkononi.

"Sitini na sita," alisema ofisa. "Shule inabaki."

Mama Mwiko alipiga vigelegele mpaka ofisa akaangusha kalamu. Mjukuu wake hatavuka barabara ya malori!

Ombi la bomba la pili nalo lilikubaliwa. Fundi aliyelifunga alikuwa baba wa wale mapacha.

Mchana wa siku ile ya kuhesabu, sahani zote zilishuka kabatini, zikaoshwa, zikajazwa chakula. Hazikutosha. Mama Mwiko alikula kwenye kifuniko cha sufuria, tena kwa raha zake.