Cheti, Buti na Mstari Nilioruka

Nyumbani kwetu msomaji nilikuwa mimi. Waliniita Redio, kwa sababu nilisoma kwa sauti kila kilichoandikwa: vibao vya maduka, maelezo ya dawa, hata gazeti lililofungiwa misumari. Baba aliacha shule akiwa darasa la pili, na Mama hakuingia kabisa. Kila alasiri, akishamaliza kuchambua vyuma chakavu alivyovileta kwa mkokoteni, alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia, akageuza ndoo, akaikalia, akasema, "Haya, Redio, washa."

Mama alikaa dirishani na cherehani yake. Ilikuwa ya miguu, aliyoachiwa na bibi, na kwenye kikanyagio palikuwa na alama mbili zilizong'aa kwa kusuguliwa na nyayo za bibi, kisha za Mama. Vyuma vya Baba vilikuwa leo vipo, kesho havipo. Sare za shule alizoshona Mama ndizo zilizotulisha, na hilo sote tulilijua ingawa hatukulisema mbele ya Baba.

Mwaka ule Baba alipata mashine ya kutambua metali. Mzee mmoja aliyefunga karakana yake ya magari alimpa badala ya ujira wa kumhamishia vyuma. Ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani kwa chini. Ukiipitisha juu ya ardhi iliyoficha chuma, inalia. Mzee yule akamruhusu pia kuchimba uwanja wa karakana, kwani kwa miaka mingi mafundi walifukia humo springi, minyororo na ekseli mbovu.

"Mali ipo," Baba alisema. "Kilichobaki ni kuijua hii fimbo inasema nini."

Siku chache baadaye akarudi na karatasi aliyogawiwa barabarani. Nikawasha redio yangu. "Jifunze kutambua metali kwa siku tatu! Mkufunzi mwenye uzoefu! Utapewa cheti na buti rasmi za mtaalamu! Mali iko chini ya miguu yako!"

Nilisoma kidole kikifuata mistari, kama kawaida yangu. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo mithili ya sisimizi. Ulisema hivi: *Ada hairudishwi. Mafunzo ni ya ukumbini tu, hakuna mazoezi ya uwanjani.* Niliuona, na niliuelewa. Kidole changu kikapanda juu, kikarudi kwenye neno "cheti".

Acha niseme ukweli, maana uongo nilishausema wa kutosha. Shuleni waliniita Binti Chakavu. Mkokoteni wa Baba ukipita nje ya uzio, darasa zima lilinigeukia. Nilitaka Baba awe na cheti, aitwe mtaalamu, hata kama ni kwa siku moja tu. Niliona haya kwa ajili ya baba yangu, na haya hiyo ndiyo iliyokiinua kidole changu.

"Soma mpaka mwisho," Mama alisema, pini zikiwa mdomoni.

"Nimemaliza, Mama."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Ada ilikuwa kubwa, na ndani ya nyumba yetu kitu pekee kilichoweza kuilipa kilikuwa cherehani. Mama aliendelea kushona siku mbili. Siku ya tatu aliipaka mafuta, akaifuta, kisha yeye na Baba wakaipeleka kwa muuza vyombo vya mitumba. Muuzaji akawapa fedha za ada, wakakubaliana kwamba angeiweka hadi mwisho wa mwezi. Tukirudisha fedha, tunaichukua. Tusiporudisha, anaiuza.

"Mwezi mmoja tu, mama watoto," Baba alimwambia. "Itarudi kabla mafuta hayajakauka."

Mama alichukua sindano ya mkono, akakaa pale pale dirishani, akaanza kushona kola.

Baba alikwenda kozini akiwa amenyoa ndevu. Siku ya kwanza alirudi akisema wamefundishwa asili ya metali. Siku ya pili walichorewa mashine ubaoni, wakanakili kila kipande. Baba alinakili kwa kuchora tu, maskini, na mchoro wake ulikuwa mzuri.

"Mmeiwasha?" Mama aliuliza.

"Hatujaiwasha. Ukumbi wenyewe paa la bati, viti vya chuma. Mkufunzi amesema tukiwasha tutapigiwa kelele mpaka tuzibe masikio."

"Sasa mtajifunzaje kusikia kitu kilichozimwa?"

"Mambo ya kitaalamu hayo, mama watoto."

Siku ya tatu alirudi na cheti chenye mhuri mwekundu na buti nyeusi zenye ncha ngumu. Mkufunzi alikuwa amewaambia kwamba hata gari likikukanyaga nazo hutasikia kitu. Nilikitundika cheti ukutani mwenyewe. Kesho yake nilipita mbele ya waliokuwa wakinicheka nikiwa nimeinua kidevu. Mjinga mimi!

Jumamosi tukaenda uwanjani. Baba alivaa buti, akaishika mashine kama kwenye mchoro, sahani ikiwa karibu na vidole vya miguu, akaiwasha. Ikalia papo hapo.

"Umesikia?" Uso wake ulijaa furaha hata nikataka kulia. "Chimba hapo!"

Nilichimba hadi magotini. Hakukuwa na kitu. Akasogea hatua moja, ikalia tena, tukachimba tena. Kila alipokanyaga palilia. Kufika mchana uwanja ulikuwa umejaa mashimo kama umevamiwa na fuko, na mikono yangu ilikuwa na malengelenge. Watoto walipanda ukuta wa karakana kutuangalia.

"Mtaalamu, mnatafuta maji?" mmoja alipiga kelele. Wenzake wakaangua kicheko.

"Baba, hebu na mimi nijaribu kuishika," nilimwambia.

"Aa, hapana. Wewe huna cheti."

Tulikwenda Jumapili, tukaenda kila siku baada ya shule. Baba aliacha hata kusukuma mkokoteni mitaani, maana alisema mtaalamu hawezi kushika mawili. Tulichokipata ni kile tulichokibahatisha kwa jembe, nati mbili za skrubu na mpini wa koleo. Nyumbani sindano ya Mama ilishona gauni moja wakati cherehani ingeshona matano. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao, wengine wakiomba radhi, wengine bila hata salamu. Vidole vya Mama vikachubuka ncha. Mwisho wa mwezi ulibaki siku tisa.

"Twende kwa mkufunzi," Baba alisema hatimaye. "Atatuambia tumekosea wapi."

Tulimkuta ukumbini na kundi jipya la wanafunzi, viti vyote vimejaa. Alimsikiliza Baba huku akifuta ubao.

"Mashine yako ni ya kizamani, mzee. Halafu unahitaji kozi ya ngazi ya pili."

"Ya kwanza hatukuwasha mashine hata mara moja," Baba alisema. "Tupeleke uwanjani, mwalimu, japo saa moja. Au unirudishie ada yangu."

Mkufunzi akacheka, akachukua tangazo mezani, akaligonga kwa kidole pale chini. "Imeandikwa hapa. Hukusoma?" Kisha akanitazama. "Binti, unajua kusoma? Hebu msomee baba yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasoma kwa sauti, mimi Redio, mbele ya watu wote wale: "Ada hairudishwi. Mafunzo ni ya ukumbini tu, hakuna mazoezi ya uwanjani."

Baba hakunitazama. Alisema, "Asante, mwalimu," akatoka, na buti zile zikawa zinagonga sakafu ko, ko, ko.

Tulipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa Mama, nikamwambia kila kitu, kuanzia herufi ndogo mpaka kile kidole. Nilidhani atanichapa. Aliiweka sindano chini, akanitazama.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mara mbili, Redio." Akaichukua sindano yake, na usiku ule hakuniita jina wala mwanangu.

Siku mbili baadaye barabara ya mbele ya nyumba yetu ilifurika maji. Akaja fundi wa mabomba, mwanamke mnene mwenye mabuti ya mpira, na mkononi ana mashine kama ya Baba. Ramani za mabomba ya zamani zilikuwa zimepotea, kwa hiyo aliyatafuta kwa kusikiliza. Aliizungusha mashine polepole, akasimama, akasema, "Hapa." Vijana wake wakachimba shimo moja tu, na bomba likaonekana.

Baba alisimama mlangoni akiangalia. Nilijua anaona aibu, lakini alikwenda.

"Dada, samahani. Mimi nina cheti cha kazi hiyo, ila mashine yangu inalia kila mahali."

Fundi hakucheka. Alipomaliza bomba lake alitufuata mpaka uwanjani, akayaona mashimo. "Mungu wangu! Haya yote mmechimba kwa jembe?" Akamwambia Baba aanze kazi kama kawaida yake. Baba akawasha, mashine ikalia. Akapiga hatua, ikalia.

"Kaka," fundi alisema, "hebu vua viatu."

"Hizi ni buti rasmi za—"

"Najua. Vua tu."

Baba akavua, akazitupa mbali, akasimama peku. Akapitisha mashine pale pale. Kimya. Akapiga hatua mbili, tatu, bado kimya. Fundi aliziokota buti, akaipitisha sahani juu ya ncha zake, mashine ikapiga kelele.

"Zina chuma kwenye vidole. Ulikuwa unajipima miguu, kaka yangu."

Nilitegemea Baba atacheka, maana ni mtu wa utani. Alikaa chini kwenye udongo na kujifunika uso kwa mikono. Wiki tatu, na cherehani ya mke wake, vilikuwa vimeishia ndani ya ngozi ya viatu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mkufunzi yule, na kila nilipomchukia nilijikuta ninajichukia mimi kwanza.

Fundi alimwacha atulie. Kisha akaniagiza nilete nyumbani kijiko, msumari, sarafu na kizibo cha soda. Alivifukia kina cha kiganja, kila kimoja mahali pake, akampa Baba mashine. "Sikiliza. Usitazame, sikiliza tu. Kijiko hakilii kama msumari." Baba akasikiliza, akafumba macho, akapita mara ishirini. Kufika jioni alikuwa anataja kilichofukiwa kabla ya kukifukua. Tulirudia kila siku, na zamu hii nilishika mashine na mimi.

"Kwa hiyo kozi zote ni wizi mtupu?" nilimuuliza fundi.

"Nani kasema? Mimi mwenyewe nililipia. Siku mbili, zote juani, kila mtu na mashine yake mkononi, na mwalimu nyuma yako anakukosoa. Fedha ile haikuniuma hata kidogo. Kabla hujalipa, waulize utasimama wapi na utashika nini. Wakikujibu kwamba utakaa kwenye kiti, rudi nyumbani ufukie vijiko vyako. Na mtafute mmoja aliyekwisha kufundishwa nao, umwone kazini."

Siku ya nne Baba alipata mnyororo wa winchi ya kuinulia injini, mzito hata tukauburuta. Siku zilizofuata zikatoka springi, kisha ekseli mbili. Mkokoteni ukajaa, tukauza vyote. Tulikwenda kwa muuza vyombo na fedha kamili, Baba ameifunga kwenye kitambaa, mimi nakimbia mbele.

Mahali pa cherehani palikuwa na feni.

"Niliingoja mpaka siku ya mwisho, kama tulivyokubaliana," yule mtu alisema, na alisema kweli. "Leo ni siku ya nne tangu mwezi uishe. Aliyenunua ni msafiri, simjui kwao."

Baba akamshukuru. Tulitafuta nyingine, tukapata ya kuzungusha kwa mkono, ya zamani, isiyo na kikanyagio. Mama aliipokea, akaijaribu, akasema inashona. Wateja walirudi mmoja mmoja. Lakini nilimwona siku ya kwanza, ameketi mbele yake, mguu wake unapiga sakafu tupu kana kwamba kikanyagio cha bibi kipo. Akagundua, akausimamisha.

Alasiri ile Baba alinawa mikono, akageuza ndoo, akakaa. Sikungoja aniambie niwashe.

"Baba, nisamehe. Mstari ule niliuona."

"Najua," alisema. "Niliona kidole chako kimeruka. Sijui kusoma, lakini kidole ninakiona. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilikitaka kile cheti, mwanangu. Nilichoka kuitwa Chakavu." Akatoa mfukoni tangazo lililokunjwa mara nne, akalitandaza gotini. "Nifundishe. Tuanzie hapa chini, kwenye herufi ndogo."

Mama aliacha kuzungusha gurudumu.

"Sikilizeni, wote wawili," alisema. "Fundi aliwaondolea kosa la buti kwa siku moja. Kosa lenu hili limekula kitu cha mama yangu, na hakuna mashine itakayokionyesha kilipo. Ukimsomea mtu nusu, umemdanganya yote. Na wewe mzee, anayeona akanyamaza ni mwenzake anayedanganya. Haya, Redio. Msomee baba yako, mpaka mwisho."

Niliweka kidole chini ya neno la kwanza, nikalisoma. Baba akaweka chake kando ya changu, kikubwa, chenye udongo kwenye kucha, akarudia baada yangu, "A-da."