Boksi la Watoto wa Visiwa vya Solomon

Kila Jumamosi zamu yetu ya kufua ilianza saa tatu asubuhi. Jengo letu la Husby, huko Uswidi, lilikuwa na chumba kimoja cha mashine, na kila familia ilijiandikia saa zake. Zamu ikikwisha imekwisha, hata ulie.

Jumamosi hiyo ya Mei 1986 tulifua magauni na fulana za watoto. Kimbunga kilikuwa kimepiga Visiwa vya Solomon, huko Pasifiki, mito ikafurika na kubeba nyumba. Mama alikusanya nguo kwa majirani. Saa kumi na moja jioni gari la kanisa lingekuja kuchukua boksi, lipelekwe melini.

"Kevina, zikaushe vizuri ndipo uzipakie," aliniagiza akienda kazini.

Mimi na uvivu wangu! Jua lilikuwa limetoka baada ya baridi ndefu, na wenzangu walikuwa wakiruka kamba. Nikazitoa nguo zikiwa bado mbichi, nikazisokomeza kwenye boksi, nikalifunga.

Mama aliporudi saa tisa aliuliza kama zimekauka.

"Ja, mamma," nikaitikia kwa Kiswidi, maana kwa Kiswahili ningeshindwa kudanganya.

"Ahsante, binti yangu. Umewafaa wenzako."

Sifa hizo zilinichoma. "Mama, nimedanganya. Ni mbichi."

Hakunigombeza. Alifungua boksi, akagusa gauni. Safari ya meli ilikuwa ya wiki nyingi. Nguo zote zingeota ukungu.

"Sasa ni zamu ya Mama Wamuyu," alisema. "Nenda ukamwombe mwenyewe, na umweleze kwa nini."

Nilishuka nimebeba boksi. Jirani yetu huyo Mkenya alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa shuka zake kwenye mashine ya kukaushia. "Haya, mvivu mkweli," akasema. "Tia zako."

Gari lilipofika, mimi na Mama tulikuwa tunakunja gauni la mwisho, likiwa bado na joto.

"Tulipokimbia Uganda ulikuwa mchanga," Mama aliniambia taratibu. "Tuliletewa gunia la nguo zenye ukungu. Nilizinusa moja moja, nikakuvisha iliyonuka kidogo kuliko zote. Nililia sana, Kevina. Kutoa ni moyo, mwanangu, lakini moyo bila bidii humfikia mwenzio ukiwa umeoza."